Makombe 24 ya Montreal: jasho au mfumo?

Wapenzi wa hoki ya barafuni wakikaa pamoja, ubishi juu ya Montreal Canadiens hauchelewi kuzuka. Klabu hii imetwaa Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, mara 24. Wanaowafuata, Toronto Maple Leafs, wana 13. Kwa mashabiki wa Montreal hesabu inaishia hapo. Wapinzani wao hawakubali: wanasema makombe mengi yalipatikana wakati ligi ina timu sita tu, tena klabu imekalia chungu cha vipaji vya mkoa wake wa Quebec ambacho wengine hawakuruhusiwa kuchota. Nimezisikiliza pande zote kwa muda mrefu, na naona wapinzani wana hoja ya kweli ila wanaielekeza mahali pasipo. Mfumo ule ulikuwa na dhuluma ndani yake, lakini waliodhulumiwa hawakuwa Boston wala New York. Walikuwa wachezaji.

Tuwape wapinzani haki yao kwanza. Kati ya 1942 na 1967 NHL ilikuwa na Montreal, Toronto, Detroit, Chicago, Boston na New York Rangers, basi. Timu nne kati ya hizo ziliingia mtoano, na kushinda michezo minane kulitosha kubeba kombe. Leo timu ni 32, na bingwa lazima ashinde michezo 16 katika raundi nne. Makombe 10 ya Montreal ni ya kipindi hicho. Isitoshe, klabu zilifadhili timu za vijana, na kijana akishasaini fomu ya klabu fulani, huyo tayari ni wao. Drafti ya kugawana chipukizi ilipoanza mwaka 1963, Montreal wakapewa na ruhusa ya kuchagua kwanza vijana wawili wenye asili ya Kifaransa. Mwaka 1969 waliwachukua Réjean Houle na Marc Tardif kabla ya timu nyingine yoyote kufungua mdomo. Halafu kuna fainali za 1968 na 1969. Ligi ilikuwa imeongeza timu sita mpya na kuziweka zote upande mmoja, kwa hiyo ilikuwa lazima mgeni mmoja afike fainali. Mara zote mbili akawa St. Louis Blues, na mara zote mbili Montreal walishinda michezo minne mfululizo. Makombe hayo mawili hata mimi nayapa uzito mdogo.

Lakini ukiifuata hoja yao hadi mwisho, inakwama. Katika misimu ile 25 ya timu sita, Montreal walipata makombe 10, Toronto tisa, Detroit matano, Chicago moja. Boston na Rangers hawakuambulia kitu. Kama timu sita ndiyo siri, mbona nyumba moja imewalisha watatu na wengine wakalala njaa? Toronto walikuwa na Ontario, mkoa wenye watoto wengi wa hoki kuliko Quebec. Fomu za kuwafunga vijana zilikuwa mezani kwa kila meneja. Tofauti ni kwamba Frank Selke, aliyehamia Montreal kutoka Toronto mwaka 1946, aliwashawishi wenye klabu kutumia fedha kulea timu za vijana nchi nzima, si Quebec peke yake. Wengine walikuwa na shamba, yeye alilima.

Na baada ya ligi kupanuka mwaka 1967, Montreal waliongeza makombe mengine 10. Ukiondoa yale mawili ya St. Louis, bado ni manane, katika ligi iliyokuwa inazidi kukua mwaka hadi mwaka. Ile ruhusa ya Wafaransa wawili ilikufa baada ya 1969. Mwaka uliofuata, kijana bora wa Quebec, Gilbert Perreault, aliyekuwa akichezea timu ya vijana ya Montreal yenyewe, alichukuliwa na Buffalo. Hapo ndipo tungetarajia klabu ianze kuzama.

Badala yake akaja Guy Lafleur, na namna alivyokuja inastahili kutazamwa kwa karibu. Meneja Sam Pollock alijua kwamba mwaka 1971 kijana huyu wa Quebec Remparts angekuwa wa kwanza kuchaguliwa, na wa kwanza huchaguliwa na timu iliyoshika mkia. Mei 1970, mwaka mzima kabla, aliwafuata California Golden Seals, timu dhaifu yenye haraka ya kupata wachezaji, akawapa mchezaji Ernie Hicke na nafasi ya kwanza ya Montreal katika drafti ya mwaka ule, naye akachukua nafasi yao ya kwanza ya 1971. Msimu ukaanza. Lafleur akafunga mabao 130 huko Quebec. Katikati ya msimu Los Angeles Kings walionekana kuteleza hadi karibu na mkia, jambo ambalo lingeharibu mpango wote. Pollock akawapelekea kiungo mzoefu Ralph Backstrom. Inasimuliwa hadi leo kwamba alimpeleka ili Kings wainuke na Seals wabaki chini. Iwe ndiyo nia yake au la, Seals waliburura mkia, Montreal wakamchukua Lafleur, na kuanzia msimu wa 1974–75 alifunga mabao 50 au zaidi misimu sita mfululizo. Mwaka 1976–77 timu yake ilicheza michezo 80 ikapoteza minane tu. Huwezi kuita hiyo bahati ya jiografia.

Basi upande wa Montreal umeshinda ubishi? Kuhusu wapinzani wa uwanjani, nasema ndiyo. Ila sasa tuwatazame waliovaa jezi.

Doug Harvey alikuwa beki bora wa zama zake. Alitwaa Tuzo ya Norris ya beki bora mara saba, na makombe sita akiwa Montreal. Mkataba wa siku zile ulimfunga mchezaji kwa klabu yake mpaka klabu yenyewe imchoke. Hakuna kuhamia unakotaka, hakuna kupima thamani yako sokoni. Mwaka 1957 Ted Lindsay wa Detroit alianzisha chama cha wachezaji, Harvey akiwa makamu wake. Kilichodaiwa hakikuwa kikubwa: wachezaji walitaka kujua hesabu za mfuko wao wa pensheni na kuwa na sauti mezani. Kiangazi kilekile Lindsay alitupwa Chicago. Harvey alibaki kwa kuwa alihitajika mno, lakini mwaka 1961, mara tu baada ya kutwaa Norris kwa mara nyingine, alipelekwa New York. Wengi waliamini ndiyo bei ya chama, nami naamini hivyo. Huko New York akatwaa tuzo hiyohiyo tena.

Aliyeweza kuiambia klabu hapana ni mmoja ninayemkumbuka: Jean Béliveau. Alikuwa anapendwa na kulipwa vizuri Quebec Aces, katika ligi iliyohesabiwa ya ridhaa, na hakuwa na haraka. Haki za kumchezesha kwa malipo zilikuwa za Montreal, kwa hiyo mwaka 1953 wakainunua ligi nzima na kuigeuza ya kulipwa ndipo wakampata. Na katika Aces hiyohiyo alicheza pamoja na Herb Carnegie, Mkanada mweusi, mwana wa wazazi kutoka Jamaika, fundi wa kupiga chenga na kugawa kisahani, ambacho katika hoki ya barafuni ndicho mpira. Béliveau alikwenda kutwaa makombe 10 uwanjani. Carnegie hakucheza NHL hata siku moja. Mweusi wa kwanza, Willie O'Ree, alikanyaga barafu ya NHL tarehe 18 Januari 1958, ndani ya Forum, uwanja wa Montreal, akiwa na jezi ya Boston. Anayesema ushindani wa zama zile ulikuwa na kasoro aanzie hapa. Kasoro hiyo ilikuwa ya klabu zote sita, na Montreal, waliofaidi mavuno makubwa kuliko wote, wana deni kubwa zaidi la kuikumbuka.

Imebaki hoja ya ukame. Kombe la mwisho ni la 1993. Mwaka 2005 ukaja ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho kila klabu inaweza kuwalipa wachezaji wake, na fainali pekee waliyofika tangu hapo, ya 2021, Tampa Bay waliwafunga michezo minne kwa mmoja. Wapinzani husema: mmeona, uwanja uliposawazishwa mkaishiwa nguvu. Sikubaliani kabisa. Kombe la 1986 na lile la 1993 yalikuja chini ya drafti ya usawa, golini akiwa Patrick Roy, aliyechaguliwa wa 51 mwaka 1984. Mwaka 1993 walishinda michezo 10 mfululizo ya muda wa nyongeza katika mtoano. Usawa haukuwazuia.

Kilichowazuia kilianzia ndani. Tarehe 2 Desemba 1995 Detroit waliwafunga Montreal 11 kwa 1 palepale Forum. Kocha Mario Tremblay alimwacha Roy golini hadi bao la tisa, huku watazamaji wakimshangilia kwa kejeli alipodaka kisahani chepesi. Alipotolewa, Roy alimpita kocha bila neno, akamwinamia rais wa klabu Ronald Corey aliyekaa nyuma ya benchi, akamwambia huo ndio mchezo wake wa mwisho Montreal. Siku nne baadaye aliuzwa Colorado. Machi 11, 1996, Forum ilifungwa rasmi, na watu wakasimama dakika nyingi wakimpigia makofi mzee Maurice Richard, nyota wao wa zamani, machozi yakimtoka. Tangu usiku huo Montreal hawajabeba kombe. Roy alilibeba Juni ileile, na jezi ya Colorado.