Vidonge vinatuliza, haviondoi uvimbe

Makala yenu kuhusu faibroidi, yaani uvimbe usio saratani kwenye mji wa mimba, ni nzuri, ila kusema vidonge vya homoni "vinaponya" uvimbe huo ni kutupoteza. Kidonge kimoja ni relugolix iliyochanganywa na homoni za kike, estrojeni na projestini. Kiliidhinishwa Marekani 2021 kwa hedhi nzito ya faibroidi na 2022 kwa maumivu ya endometriosisi (utando kama wa ndani ya mji wa mimba kuota nje yake), nacho hushusha homoni za ovari tu. Ukiacha, dalili zaweza kurudi. Tena huko Marekani mwisho ni miezi 24, maana mifupa yaweza kudhoofika.

Dada yangu hapa Malindi alikuwa hakai kitini bila kutandika leso, wazee wakisema ana jini. Jini gani huyo wa kuja kila mwezi! Alipopimwa, damu ilikuwa imeshuka mno.

Mwenye presha isiyotulia, au aliyewahi kuganda damu mguuni, asijinunulie vidonge hivi kwa kusikia tu. Na bei, mhariri, mbona hamkuitaja?