Pikipiki kwenye lango la ofisi: hadhi ya mtumishi wa Dodoma inapimwa wapi?

Tangu Serikali ihamie Dodoma, vijana wa ofisini wana swali wanaloulizana pembeni, wakati wa chai au kwenye foleni ya ATM: mtu mwenye shahada na kitambulisho cha taasisi shingoni, akija kazini kwa pikipiki yake mwenyewe, anajishushia hadhi? Wanaouliza wengi wao ni maafisa wa kawaida, wenye mshahara wa kuanzia, wanaopanga chumba na sebule Ilazo au Nzuguni huku wakijichanga kujenga Michese. Wenzao wanawaambia wasubiri, wajipange, watafute hata gari dogo la Toyota IST lililotumika. Wengine wanawaambia wanunue tu, maana hakuna bosi anayewajazia mafuta.

Nimesikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu na naona kila upande una hoja ya kweli. Ila mjadala wenyewe umekaa kombo. Tunabishana kuhusu chombo, wakati kinachotusumbua ni yule tunayedhani tunamwona akiwa amekikalia.

Tuanze na mji wenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na mpango kabambe wa kwanza, uliochorwa na kampuni ya Kanada na kukamilika mwaka 1976, uliwaza mji wa watu wanaotembea kwa miguu, baiskeli na mabasi. Gari binafsi halikupewa kipaumbele. Miaka mingi ikapita bila Serikali kuhama. Ilipokuja kuhama kweli, kuanzia mwaka 2016, watu walimiminika kwa kasi kubwa na viwanja vikapimwa mbali: Nala, Mkonze, Iyumbu, Ntyuka, Mahomanyika. Mji wa Serikali nao ukajengwa Mtumba, takribani kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, kwenye barabara ya kwenda Dar es Salaam. Mtu anayeishi Mkonze na kufanya kazi Mtumba anavuka jiji zima kila asubuhi. Baadhi ya taasisi zina mabasi ya watumishi, lakini basi linapita barabara kubwa na kwa muda wake, na kati ya barabara hiyo na mlango wa nyumba kuna kilomita mbili au tatu za vumbi ambako daladala haifiki.

Sasa piga hesabu. Kutoka katikati ya jiji hadi Mtumba na kurudi ni kama kilomita 34. Pikipiki ya injini ya cc 125 inakula chini ya lita moja kwa safari hiyo. Gari dogo la kawaida linakula lita mbili na nusu hadi tatu. Tuseme lita ya petroli ni shilingi 3,000: kwa siku 22 za kazi mwenye gari anateketeza kama 180,000 na mwenye pikipiki kama 50,000. Tofauti hiyo ni kodi ya chumba. Na mshahara wa kijana aliyesoma kwa mkopo tayari umeshakatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, pamoja na michango ya pensheni na bima ya afya, kabla hajaushika. Pikipiki mpya ni milioni 3 hivi. Gari lililotumika mara nyingi linapita milioni 10. Kumwambia mtu huyo kwamba anajishusha ni kumtaka aingie deni ili macho ya wengine yaridhike.

Hoja ya pesa lakini haijibu swali la hadhi. Mtu anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kufanya jambo, na bado jambo hilo likamgharimu mbele ya watu. Linamgharimu kweli?

Mhandisi mmoja ninayemfahamu alikuwa anaripoti kwenye taasisi mpya, akiwa na pikipiki yake. Suruali nyeusi, shati jeupe ndani ya jaketi, kofia ngumu kichwani, begi la kompyuta mgongoni. Alipofika kwenye lango, mlinzi alinyoosha mkono akiwa bado mbali: “Wewe boda, abiria unashushia kule nje!” Hakuwa na abiria. Alipovua kofia na kuonyesha barua yake ya uhamisho, mlinzi akasimama wima: “Samahani, mkuu, sikukujua.” Pikipiki yake ilikuwa na namba ya njano, ya mtu binafsi. Mlinzi hakuangalia namba. Aliona pikipiki, na picha nyingine yote akaijaza mwenyewe.

Picha hiyo haina umri mrefu. Kabla ya biashara ya bodaboda kushika kasi na kuwekewa kanuni za leseni mwaka 2010, mwenye pikipiki katika mikoa hii ya kati alikuwa bwana shamba, bwana afya, padri au mratibu elimu kata. Watoto wa Mvumi au Bahi wakisikia muungurumo wanajua mtu wa serikali anakuja, na mwenyekiti wa kijiji anatafutwa. Ndani ya miaka michache chombo kilekile kikawa ajira ya maelfu ya vijana wasio na ajira nyingine. Yakafuata malalamiko tunayoyajua sote: kupakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, kupita upande usio wao, kuvamia kituo cha polisi mwenzao akikamatwa. Baadhi ya malalamiko ni ya haki. Lakini kilichotokea ni kwamba tumewajumlisha vijana wote wa kijiweni katika sura moja, ya mtu asiyesoma na asiyeaminika, halafu sura hiyo tukaibandika kwa yeyote aliyeshika usukani wa pikipiki. Afisa anayeogopa kuonekana kama boda anaogopa dharau ambayo jamii inawapa vijana hao kila siku. Mimi naona hapo ndipo kwenye ugonjwa, na siwezi kumtibu afisa nikamwacha kijana wa kijiweni.

Hata hivyo, upande wa pili una jambo zito ambalo haliondoki kwa kukemea dharau. Kazi nyingi za ofisini zinahitaji mtu afike akiwa nadhifu. Utumishi wa umma una Waraka Na. 3 wa mwaka 2007 unaoeleza mavazi yanayokubalika na yasiyokubalika kazini, na taasisi binafsi nazo, hasa benki na ofisi za mawakili, zina masharti yao, mengine makali zaidi. Na Dodoma haimhurumii mtu wa pikipiki. Kuanzia Juni upepo unavuma mkavu na baridi, na vumbi jekundu linaingia kwenye kola, kwenye nyusi, kwenye mishono ya viatu. Mvua zikianza, kwa kawaida Desemba, barabara za mitaani zinageuka tope, na gari likikupita kwenye dimbwi pale Nkuhungu, kikao chako cha saa mbili asubuhi kimeshaharibika. Mteja anayekabidhi hati ya kiwanja chake kwa mtu mwenye ukoko wa vumbi shingoni ana haki ya kusita kidogo. Mteja hamjui mtu huyo. Anachokiona ndicho alichonacho.

Kwa kazi hizo nakubaliana na wanaosema muonekano ni sehemu ya kazi. Wakili anayebeba majalada halisi ya mteja kwenye begi la mgongoni katikati ya mvua anacheza na mali ya watu. Afisa anayempokea mgeni wa nje hawezi kumwambia mgeni apande nyuma. Lakini ukizichunguza hoja hizi, zote zinazungumzia hali ya mtu anapofika na uwezo wake wa kutimiza jukumu. Hakuna hata moja inayozungumzia chombo kilichomfikisha. Mtu aliyeshuka kwenye daladala iliyojaa, shati limekunjamana na jasho la jirani, ana tatizo hilohilo, na sijasikia anaambiwa amejishushia hadhi.

Wenye pikipiki wenye uzoefu wanalijua hili. Utawaona asubuhi nyuma ya maegesho wakifanya kazi ya dakika tano: jaketi la upepo linavuliwa na kukung'utwa, suruali ya mvua inakunjwa na kuwekwa chini ya kamba ya kiti, viatu vya safari vinabadilishwa na vile vilivyokuwa kwenye mfuko, kitambaa chenye unyevu kinapita usoni, shingoni na kwenye miwani. Wanaingia ofisini saa moja na nusu wakiwa safi kuliko wengi. Kijana akinunua pikipiki bila jaketi, bila viatu vya akiba na bila kitambaa, atasemwa, na sehemu ya maneno hayo atakuwa ameyatafuta.

Toka mjini uone picha inavyogeuka. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapahapa Dodoma ugawaji wa pikipiki kwa maafisa ugani wa kilimo, na hakuna aliyesema wamedhalilishwa. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anajua kwamba afisa ugani mwenye pikipiki atafika shambani leo, na asiye nayo atafika wiki ijayo, ugonjwa ukiwa umeshamaliza majani. Afisa mikopo wa benki anayewafuata wafanyabiashara wa mahindi Kibaigwa kwa pikipiki anasikia mambo ambayo aliyekuja na gari lenye vioo vyeusi hatayasikia, kwa sababu watu wanaendelea na mazungumzo yao. Gari la ofisi likisimama, kila mtu anakaa vizuri na kuanza kujibu kama yuko mbele ya kamati. Huko pikipiki inampa mtumishi heshima, maana ni ushahidi kwamba anafika. Afisa huyohuyo, akiingia mjini Ijumaa kupeleka ripoti, anaambiwa aiegeshe nyuma karibu na jenereta. Amebadilika nini kati ya Hombolo na Mtumba?

Mwanamke anayeendesha anabeba mzigo mara mbili, na mjadala wa ofisini humsahau. Sketi ya kazini haikai kwenye pikipiki, kofia ngumu inabana nywele zilizosukwa Jumamosi nzima, na mwenye hijabu lazima aifunge ndogo ili kofia iingie. Halafu yapo maneno. Mwanamume akija na pikipiki anaambiwa bado anajipanga. Mwanamke anaulizwa kama mume wake anajua. Wako wauguzi, walimu na maafisa maendeleo ya jamii wa kike wanaoendesha kila siku Chamwino, Kongwa na Chemba, na kazi inakwenda. Tathmini ya utendaji wao inapaswa kusoma kazi hiyo, si namna walivyokaa kwenye kiti.

Waajiri wamekaa kimya mno katika jambo hili. Majengo mengi mapya yana maegesho yenye kivuli kwa magari ya wakubwa, na pikipiki zinaachwa juani hadi kiti kinaunguza. Mahali pa kutundika jaketi hapapo. Bafu la watumishi ama halipo, ama funguo anayo mtu mmoja ambaye yuko likizo. Ukidai unadhifu kwa waraka, mpe mtumishi maji, kioo na msumari wa kutundikia koti. Hilo halihitaji bajeti ya maendeleo. Meneja utawala anaweza kulimaliza ndani ya mwezi. Mkurugenzi anayeanza kikao kwa kumuuliza afisa mbele ya wenzake kama “leo boda amepata abiria” ajue anachofanya: anawafundisha wote waliopo kumpima mtu kwa kitu ambacho hakimo kwenye maelezo ya kazi yake.

Linabaki jambo moja linalonifanya nisite kumwambia kila kijana aende dukani kesho, na halihusu hadhi hata kidogo. Barabara ya Dar es Salaam kupita Nzuguni na Ihumwa ndiyo njia ya malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo, pamoja na mabasi ya mikoani. Mwenye pikipiki hana bati la kumkinga. Kila hospitali kubwa ya nchi hii inawajua majeruhi wa pikipiki, miguu iliyofungwa vyuma, miezi bila kazi. Sheria inamtaka avae kofia ngumu na awe na leseni ya daraja husika, lakini najua maafisa wenye shahada mbili walioanza kuendesha kwa kufundishwa na shemeji uwanjani jioni moja. Mtu wa namna hiyo akikosa kazi miezi mitatu kwa kuvunjika mguu, ofisi itaathirika kuliko ilivyowahi kuathiriwa na vumbi la kola yake.

Kwa hiyo anayeniuliza namjibu hivi. Kama unaishi Mkonze na kazi iko Mtumba, nunua, na usimwombe mtu radhi. Nenda chuo cha udereva kwanza, upate leseni halali. Kofia iwe nzima, yenye kioo na kamba inayofunga, si ile ya kumwonyesha trafiki. Vaa kizibao cha kuakisi mwanga hata kama kinakufanya ufanane na boda. Na siku kikao kikiisha saa mbili usiku, pikipiki ilale ofisini. Omba lifti kwa mwenzako mwenye gari, utaifuata kesho.