Hizi kyuri zitaisha lini?

Jamani, sisi tunaopima dawa za mionzi hospitalini, nani atatuondolea hizi kyuri, kipimo cha zamani cha nguvu ya mionzi? Tangu 1975 wakubwa wa vipimo duniani walishapitisha bekereli: kiini kimoja cha atomu kikivunjika kila sekunde, hiyo ni bekereli 1. Basi. Lakini fomu ya daktari inakuja imeandikwa milikyuri 20, kibandiko cha chupa kinasema megabekereli, na mashine ya kupimia dozi inasoma kwa kipimo chochote alichokiacha mtu wa zamu iliyopita. Mimi hapo katikati na kikokotoo, nazidisha kwa 37. Kwa nini 37? Eti kwa sababu wazee walipimia kwa gramu 1 ya radiamu, na deni tunalilipa sisi. Milikyuri 20 ni megabekereli 740, hiyo hata usingizini naitaja. Ila jaribu 13.5, huku teknishiamu-99m yenyewe, ile dawa ya mionzi, inapungua nusu kila saa 6 na mgonjwa anauliza, "Dada, bado?"

Halafu beji yangu, ile inayopima mionzi iliyonifikia mwilini, inasomwa kwa milisiveti, mwongozo uliotoka Marekani umeandikwa kwa kipimo cha zamani, miliremu. Hiyo angalau ni kugawanya kwa 100 tu. Futi na maili tumewasamehe, hii hapana.