Acha nafasi, halafu anaingia nani?

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu wiki hii, bila shaka na wewe umeletewa. Mtaalamu mwenye sauti ya upole anatueleza kwamba foleni za Dar tunajitengenezea wenyewe: tunagandana mno, tunakanyaga mafuta kwa pupa, tunafunga breki kwa pupa. Nyuma yake vigari vya rangi vinazunguka kwenye duara. Dawa yake? Acha nafasi mbele yako, foleni itayeyuka. Chini watu wamejaza viganja vya dua na ule msemo wao, "Watanzania ustaarabu hatuna".

Nimekereka, na wala si kwa sababu hesabu zake ni za uongo.

Haki yake nampa, sina budi. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, akiwemo Yuki Sugiyama, walichapisha jaribio la magari 22 kwenye duara la mita 230. Hakuna mataa, hakuna ajali, hakuna trafiki. Madereva waliambiwa waende mwendo mmoja tu. Haikuchukua muda, foleni ikajizaa yenyewe na kuanza kurudi nyuma, gari hadi gari, kwa karibu kilomita 20 kwa saa. Baadaye Wamarekani wakarudia kule Arizona, safari hii wakiweka gari moja linalojiendesha kwa utaratibu, na hilo moja likatuliza zaidi ya magari 20. Sawa. Hata Morogoro Road unasimama, unaondoka, unasimama tena, na ukifika pale ulipodhani kuna ajali hukuti hata kipande cha kioo.

Lakini kwenye lile duara, nani alichomekea? Hakuna. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Modeli hizi za gari kufuata gari, yaani hesabu zinazoigiza jinsi dereva anavyomfuata aliye mbele yake, zina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa General Motors waliunganisha magari mawili kwa waya kwenye uwanja wao wa majaribio, waya ukipima umbali kati ya la mbele na la nyuma. Humo ikatoka kanuni: dereva wa nyuma huongeza au hupunguza mwendo kulingana na tofauti ya kasi yake na ya aliye mbele, baada ya kuchelewa kidogo kuitikia. Kanuni nzuri. Sasa nakuomba ufunge waya huo kati ya magari mawili pale Buguruni saa 12 jioni. Bodaboda wa kwanza ataupita kwa chini, wa pili ataukata, wa tatu atauza shaba.

Chukua modeli mojawapo inayopendwa sana leo, ya watafiti Treiber, Hennecke na Helbing ya mwaka 2000. Dereva wao huacha mita 2 akiwa amesimama, na akitembea huongeza umbali ambao gari lake linakwenda kwa sekunde kama 1.6. Kwa kilomita 36 kwa saa hiyo ni mita 18. Mita kumi na nane, jamani! Hapo zinaingia Coaster mbili na bajaji bado inapata pa kugeuzia. Kila anayeingia anakulazimisha ufunge breki, uache mita 18 nyingine, aingie mwingine. Ukifuata ushauri wa klipu kwa uaminifu utakuwa unarudi Kibaha huku uso umeelekea Posta, na wa nyuma yako wote wanafunga breki pamoja na wewe. Yaani lile wimbi alilotaka uliue, wewe ndiye unalizaa.

Dereva wa huku hafuati gari, anafuata upenyo. Jicho moja liko kwenye bampa la mbele, jingine kwenye mkono wa konda aliyening'inia mlangoni, maana huo mkono ndiyo indiketa. Kushoto kuna anayetanua vumbini, ambaye lazima atarudi barabarani kabla ya kalavati, na anajua atarudia kwako kama ukizubaa. Kwa dereva huyu wa huku, kugandana na bampa ndiyo njia pekee ya kubaki nyuma ya gari hilohilo. Wa daladala ana pia hesabu ya tajiri kichwani. Mita 18 hazilipi.

Najua, wapo wenye jeuri tu. Wapo, na wengine wana magari ya bei mbaya.

Pale mataa yanapowaka kijani na trafiki kanyoosha kiganja usimame, modeli inasemaje? Njia ya mwendokasi ndiyo mahali pekee mjini ambapo basi linafuata basi kama vitabu vinavyotaka, na hata humo bodaboda wanajipenyeza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kompyuta zinazoigiza makutano kabla hayajajengwa zinatumia madereva hawahawa wa kufikirika. Wana adabu, wana mstari mmoja, wana gari moja mbele. Mjerumani Wiedemann, kwenye modeli yake ya mwaka 1974, angalau alikumbuka kwamba dereva ni binadamu na hahisi kila badiliko dogo la kasi. Lakini hata yeye hakumpima mtu wa Mbagala. Wahindi hawakusubiri kupimiwa: watafiti walirekodi video ya barabara ya Chennai yenye pikipiki, bajaji na mabasi vikienda bila mistari, wakafuatilia chombo kimoja kimoja, na takwimu hizo zikachapishwa mwaka 2015.

Sisi tunashindwa nini? Daraja la waenda kwa miguu la Manzese lipo. Kamera zipo, vijana wa uhandisi wanaotafuta mada za utafiti wamejaa. Funga kamera, rekodi asubuhi kuanzia saa 12 mpaka saa 4, pima mtu wa kwetu anaacha nafasi kiasi gani na inadumu sekunde ngapi kabla haijaliwa. Kisha bwana wa sauti ya upole aturekodie klipu ya pili, vigari vyake vya rangi viwe na konda.