Uniti 30 na Barafu za Ukwaju

Mita yetu ya umeme imebandikwa juu ya mlango wa jikoni, nayo ina desturi ya kuishiwa na uniti usiku wa manane, tena wakati wa kaskazi, feni inapokuwa ndiyo rafiki wa pekee aliyebaki nyumbani. Hapo ndipo mimi, mtu mzima mwenye heshima zake hapa Mtopanga, Mombasa, hupanda juu ya kiti kilicholegea mguu, simu nimeibana kwa meno ili inimulikie, nikabonyeza tarakimu 20 za tokeni, ile namba ya umeme uliolipiwa kabla, huku mke wangu akinisomea kutoka kitandani kama mwalimu wa imla. Nikikosea ya 19, yeye hushusha pumzi, nami huanza upya.

Katika usiku mmoja wa namna hiyo nilikula yamini kwamba tutateremka hadi uniti 30 kwa mwezi. Nilikuwa nimesikia barazani kwamba tangu mwaka 2023 nyumba inayotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi, yaani uniti 1 kwa siku, hutozwa bei nafuu zaidi, na asubuhi yake nikajiteua waziri wa nishati wa nyumba ya vyumba viwili.

Nilianza na taa, kwa kuwa taa haina ubishi. Balbu za wati 60 nilizirithi pamoja na nyumba. Nikazitoa zote nikatia za LED za wati 9, ambazo hata zikiwaka sita kwa pamoja hazifikii ulaji wa moja ya zile za zamani. Kisha nikaligeukia bomba la bafuni lililokuwa likidondoka tangu mwezi wa Ramadhani. Nililiwekea ndoo jioni, na alfajiri nikaikuta imejaa pomoni. Na sisi ndio tunaonunua maji ya mkokoteni kwa mtungi wa lita 20! Kipande cha mpira cha bei ya andazi kikalinyamazisha. Nikaamuru pia kwamba maji ya chumvi ya kisima yatumike chooni na kwa kupigia deki, maji matamu yabaki kwa chai na kupikia, na mbaazi zirowekwe usiku kucha ili zisimalize gesi asubuhi. Amri hii ya mwisho ilipokelewa kwa kicheko, kwani mbaazi za nyumba hii zimekuwa zikirowekwa tangu nioe, na anayezila bila kujua zinavyopikwa ni mimi.

Ndipo nikaivalia njuga friji. Nilisimama mbele yake nikaisikiliza ikinguruma mchana na usiku, nikashawishika kwamba adui ndiye huyu. Saa nne za usiku, wote walipokwisha lala, nikaizima kwenye soketi kwa ncha ya kidole, nikiwa na nia ya kuiwasha alfajiri kabla ya mtu kuamka. Nililala usingizi ambao sijawahi kuulala tangu utotoni.

Nilipoamka, maji mekundu ya ukwaju yalikuwa yamefika sebuleni na sisimizi walikuwa wamekwisha itana. Mke wangu huuza barafu za ukwaju na za ubuyu kwa watoto watokao madrasa, na shehena yote ya siku hiyo ilikuwa sakafuni. Hakupiga kelele, laiti angepiga. Alichukua daftari, akaandika idadi ya barafu, akaandika bei, akajumlisha, akanipa karatasi. Chini yake alikuwa ameongeza mstari mmoja unaoeleza kwamba tokeni za miezi mitatu iliyopita zilinunuliwa kwa fedha za barafu hizo hizo.

Kisha akaligeuza birika langu la umeme, akanisomea kitakoni: wati 2,000. Feni ya wati 70, alisema, ikizunguka saa 10 haijamaliza uniti 1, yaani wati 1,000 kwa saa moja, ilhali birika hili huimaliza kwa nusu saa, nawe hulijaza hadi shingoni kwa kikombe kimoja cha chai ya tangawizi, ukaenda barazani, ukarudi ukakuta imepoa, ukachemsha tena. Nikataka kujitetea, akaitaja pasi na kanzu ya kila Ijumaa, ambayo mimi huinyoosha peke yake kana kwamba ni ya sultani, badala ya kungoja nguo za watoto zipigwe zote kwa moto mmoja.

Yeye mwenyewe aliisogeza friji mbali na ukuta kiasi cha shubiri, akauondoa utando wa barafu uliokuwa mnene kama godoro, akakataza mlango wake kufunguliwa na mtu anayefikiria tu atakacho kula. Birika limewekwa juu ya kabati, mahali ambapo sharti nipande kiti kulifikia.

Mwezi huu tumefika uniti 41, kutoka 63. Jana usiku zimekwisha tena, nami nikapanda kiti kile kile, na mke wangu akanisomea tarakimu zile taratibu mno, moja moja, akisita baada ya kila moja, hata nisijue kama ni usingizi au bado ni deni la ukwaju.