Fritz Fischer: Aliyefukua ya Taifa, Akafukia Yake

Mwaka 1961 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Hamburg alitoa kitabu kinene kilichojaa tanbihi, na wasomi wa Ujerumani Magharibi wakagombana kwa miaka mingi. Kitabu kiliitwa Griff nach der Weltmacht, yaani kunyoosha mkono ili kuutwaa ukubwa wa dunia. Mwandishi wake, Fritz Fischer, alisema Vita vya Kwanza vya Dunia havikuinyeshea Ujerumani kama mvua ya ghafla. Watawala wake waliikubali hatari ya vita mwaka 1914 wakiijua, kisha wakapigana ili kutwaa ardhi na masoko.

Hilo liliuma, na sababu ipo. Kifungu cha 231 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitwika Ujerumani na washirika wake dhima ya hasara ya vita, na kwa miaka arobaini wanahistoria wa Kijerumani wengi walikikana. Baada ya 1945 walibaki na faraja moja: Hitler alikuwa ajali, na Ujerumani iliyomtangulia haikuwa na doa kubwa kuliko majirani zake. Fischer aliwanyang'anya faraja hiyo.

Ushahidi wake mkuu aliupata Potsdam, katika hifadhi ya nyaraka iliyokuwa upande wa Ujerumani Mashariki. Ni waraka wa tarehe 9 Septemba 1914 kutoka kwa Kansela, yaani mkuu wa serikali, Theobald von Bethmann Hollweg, ulioorodhesha cha kuchukua baada ya ushindi. Ubelgiji igeuzwe nchi tegemezi. Ufaransa inyang'anywe chuma cha Briey. Ulaya ya kati iwe eneo moja la uchumi chini ya Ujerumani. Na Afrika ya kati liwepo koloni moja lililoungana.

Msomaji wa huku kwetu asipite haraka hapo. Ramani ya ndoto hiyo iliigusa Kongo, na ingeiunganisha Deutsch-Ostafrika, yaani Tanganyika, Rwanda na Burundi za leo, na makoloni ya Kijerumani ya upande wa Atlantiki. Tumezoea kuwasimulia wapagazi wa vita vile, wale waliokiachia Kariakoo jina lake, kama watu walioburutwa kwenye ugomvi wa wageni. Waraka ule unaonyesha kwamba bara lao nalo lilikuwa miongoni mwa mali zilizogombewa.

Mpinzani mkubwa wa Fischer alikuwa mwanahistoria Gerhard Ritter wa Freiburg, na hoja za upande wake si za kupuuzwa. Waraka wa Septemba uliandikwa vita vikiwa vimeshaanza, siku ambazo ushindi dhidi ya Ufaransa ulionekana kuwa karibu. Mtu anayeandika anachotaka kuchukua baada ya kushinda hajathibitisha kwamba alianzisha ugomvi kwa ajili hiyo. Tena Fischer aliikodolea macho Berlin. Miji mikuu mingine, Vienna, Petersburg na Paris, hakuichimba kwa kina kilekile. Mwaka 1969 alikwenda mbali zaidi, akaukuza mkutano wa Kaiser (mfalme mkuu) Wilhelm II na wakuu wa majeshi wa tarehe 8 Desemba 1912 kuwa dalili kwamba vita vilishaamuliwa. Hapo, kwa maoni yangu, aliuacha ushahidi nyuma: Kansela mwenyewe hakuwamo katika kikao kile. Mwaka 2012 mwanahistoria Christopher Clark aliisambaza lawama katika miji mikuu yote ya Ulaya, na Wajerumani wengi wakampokea kwa moyo mkunjufu. Mwanahistoria mwingine, John Röhl, kwa upande wake, aliendelea kuamini kwamba Fischer alikuwa karibu na ukweli.

Lakini namna alivyopigwa vita haikuwa ya kisomi. Mwaka 1964, Ritter akiwa ameisukuma Wizara ya Mambo ya Nje, fedha za ziara ya mihadhara ya Fischer nchini Marekani ziliondolewa. Wanahistoria wa Marekani walipinga, gharama zikapatikana kwao, naye akaenda. Anayejiamini kwa hoja hamzuii mwenzake kupanda ndege.

Kisha kuna maisha yake. Fischer alizaliwa 1908 Ludwigsstadt, Bavaria, akasomea theolojia na historia. Mwaka 1933 aliingia SA, mgambo wa Hitler. Mwaka 1937 akajiunga na Chama cha Nazi. Uprofesa wa Hamburg aliteuliwa 1942, lakini alianza kazi baada ya kutoka utekani mwaka 1947. Ritter, mtetezi wa Ujerumani ya zamani, ndiye aliyetiwa ndani na Wanazi mwaka 1944.

Wapo wanaosema hilo linaitia doa kazi yote ya Fischer, kwamba alikuwa akijitakasa kwa kuwashtaki babu zake. Sikubaliani nao. Waraka wa Potsdam ungesema yaleyale mikononi mwa yeyote. Ila siwezi kuwafuata wanaosema maisha yake hayatuhusu. Alilitaka taifa zima lifungue mafaili yake, na la kwake, la ukaribu wake na taasisi za Kinazi, lilikuja kuchambuliwa hasa baada ya kifo chake mwaka 1999. Kitabu chake cha mwaka 1938, alichokiandika akiwa mwanachama, kilimhusu Moritz August von Bethmann-Hollweg, babu wa Kansela yuleyule. Ningependa vitabu hivyo viwili visomwe pamoja, cha babu kwanza.