Si MySpace iliyowapandisha Arctic Monkeys

Ikitajwa albamu ya kwanza ya Arctic Monkeys, bendi ya roki ya Uingereza, hadithi huanzia kwenye kompyuta: vijana wanne wa Sheffield, ukurasa wa MySpace, mtandao wa kijamii wa enzi hizo, na mara Uingereza nzima inaimba. Hadithi tamu, ila imesimama kichwa chini miguu juu. Ukurasa ule waliufungua mashabiki. Bendi wenyewe walishasema hawakuwa hata na habari nao. Kazi ilifanywa na CD za kuchoma, zilizogawiwa bure kwenye shoo.

Alex Turner, mwimbaji, na Jamie Cook, mpiga gitaa, walipata magitaa yao Krismasi ya 2001. Miaka michache baadaye walikuwa wakirekodi demo, yaani nyimbo za majaribio, kwa prodyuza Alan Smyth katika studio ya 2fly, Sheffield, na kuzigawa kwa watazamaji. CD za kuchoma hazitoshi ukumbi mzima, na hapo ndipo bahati yao ilipolala. Aliyekosa aliazima kwa mwenzake, akazigeuza faili za MP3, akazirusha mtandaoni. Mashabiki wakazikusanya na kuzipa jina wenyewe, Beneath the Boardwalk, kutokana na klabu ya Sheffield ambako Turner alikuwa akiuza baa. Bendi ikifika mji mgeni, inakuta watu wanaimba beti zote, si kiitikio tu. Intaneti ilisambaza, sawa, lakini ilisambaza kitu ambacho mtu alikwisha kukabidhiwa mkononi.

Walisaini na Domino, lebo ya kujitegemea, mwaka 2005. Albamu, Whatever People Say I Am, That's What I'm Not, ikatoka tarehe 23 Januari 2006, bila hata mmoja wao kufikisha miaka 21. Wiki ya kwanza iliuza nakala 363,735 Uingereza. Rekodi ya Uingereza ya albamu ya kwanza iliyouzwa kwa kasi kuliko zote, waliyoivunja, ilikuwa ya Hear'Say, kundi lililoundwa na kipindi cha televisheni mwaka 2001. Waliokuwa wakilia kwamba MP3 za bure zinaua mauzo walipaswa kukaa chini na kuitazama namba hiyo, maana watu walinunua nyimbo ambazo nyingi zilikuwa zimeshasambaa bure.

Kwa nini walipie? Sikiliza dramu. Prodyuza Jim Abbiss aliwarekodi Chapel Studios, huko Lincolnshire, na unachosikia ni bendi inayopiga pamoja, si vipande vilivyoshonwa. Njia hiyo ina gharama yake. Watu wakipiga katika chumba kimoja, gitaa huvuja na kuingia kwenye maikrofoni za dramu. Mpiga gitaa akikosea, huwezi kufuta sehemu yake pekee. Kosa limebaki kwenye matoazi. Mnarudia wote. Ndiyo maana bendi isiyofanya mazoezi hukimbilia kurekodi mmoja mmoja, na mara nyingi wimbo hutoka safi lakini umepoa. Hawa walikuwa wamezipiga nyimbo hizi jukwaani mpaka vidole vinajiendea vyenyewe. Katika I Bet You Look Good on the Dancefloor, mpiga dramu Matt Helders anausukuma wimbo kama anafukuzwa, na Andy Nicholson kwenye besi hambanduki. Wimbo haufiki dakika tatu, wala hauna nafasi ya kupumua.

When the Sun Goes Down unaonyesha ufundi mwingine. Turner anaanza peke yake na gitaa, taratibu, akimchora mwanamume mchafu anayezunguka mitaa ya makahaba. Bendi inangoja. Inapoingia, inaingia yote kwa mpigo, na mwishoni sauti inarudi ilikoanzia. Kungoja huko kungeharibiwa na prodyuza mwenye papara anayetaka dramu ndani ya sekunde kumi.

Kisha lafudhi. Turner anaimba Kiingereza cha Sheffield bila kukichuja: neno “mardy” katika Mardy Bum ni la kule, mtu anayenuna-nuna. Katika Fake Tales of San Francisco anamcheka mwanamuziki anayejifanya wa New York ilhali katoka Rotherham, mji wa jirani tu. Anayejua jinsi mtu wa Mombasa anavyochekwa akilazimisha Kiingereza cha puani hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kasoro zipo. Perhaps Vampires Is a Bit Strong But... ni mrefu kuliko wazo lake. Ningeukata bila majuto. Kubwa zaidi ni mastaringi, hatua ya mwisho ya kuandaa sauti ya albamu. Sauti imebanwa na kupandishwa hadi tofauti ya kimya na kelele imepungua, ugonjwa uliozikumba albamu nyingi za miaka hiyo. Kwenye redio ya gari inapendeza. Kwenye headphone, ukifika wimbo wa nane hivi, masikio yameanza kuchoka na matoazi yanakwaruza kama mchanga. Kuongeza treble, yaani sauti za juu, hapo ni kujiumiza. Punguza sauti, punguza treble kidogo, na usikilize kwenye spika badala ya masikioni. Halafu tafuta demo ya When the Sun Goes Down, iliyojulikana kama Scummy: nguvu ni ndogo, hewa ni nyingi. Toleo la albamu bado linashinda, ila si kwa mbali kama inavyodaiwa.

Riot Van, tulivu na wa dakika mbili na ushee, unapumzisha masikio katikati. A Certain Romance unafunga. Dramu zinafyatuka kwa fujo, unadhani ni vita vingine, kisha gitaa linashuka kwenye mdundo unaonukia rege. Turner anawasema vijana wa mtaani kwake, fujo zao na ujinga wao, halafu anakiri baadhi yao ni marafiki zake na hawezi kuwakasirikia. Maneno yanaisha, magitaa yanaendelea bila yeye hadi mwisho.